Mzee wa Maji Moto na Fomu za Chama

Mpishi wetu kambini alikuwa akisema kwamba mzee wa maji moto angekuwa mwizi, angekuja kwako mchana kweupe, avue kofia, na kukuuliza huwa unalala saa ngapi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mzee mwenyewe alicheka nasi, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuweza kufanya jambo lolote linalomhusu mtu bila kwenda kwanza kumwambia huyo mtu. Mimi niliiona kama adabu tu ya watu wa umri wake, kama kutokula huku unatembea. Sikujua kwamba adabu inaweza kuwafutisha kazi watu kumi na tisa.

Tulifanya kazi pamoja miaka minane, yeye motoni, mimi ofisini. Kambi iko mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Isiolo mjini: mahema kumi na mawili kando ya mto, wageni wa kuangalia wanyama, na sisi tuliokuja kutafuta riziki. Mimi ni karani. Nasema "ni" kwa sababu bado niko pale, na sijui kama nilitaje hilo kwa shukrani au kwa aibu. Siku nyingine ni shukrani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Nyuma ya mahema kulikuwa na mapipa makubwa ya maji, kila moja limejengewa tanuri la matofali chini yake, na bomba likapelekwa hadi bafuni mwa wageni. Alfajiri alipita akiwasha kuni, pipa baada ya pipa, na mgeni alipoamka alikuta maji yanafuka mvuke. Hakuna aliyewahi kulalamika kuwa maji ni baridi. Malalamiko yalikuwa mengine: kwamba kuna mzee anasimama nje ya hema alfajiri na kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Maji iko. Mama, maji iko."

Meneja alimweleza mara nyingi kwamba hakuna haja ya kuwaamsha watu waliolipa ili wapumzike. Maji yanakwenda yenyewe.

"Inaenda yenyewe, ndiyo," mzee alimjibu. "Lakini mtu akifungua, imchome, atauliza nani alimwambia. Utasema nani?"

Hata ndovu aliwaambia. Asubuhi moja tulikuwa tukitoka kwenye nyumba za wafanyakazi, yeye mbele mimi nyuma, tukawakuta wanne wamesimama kando ya njia wakivunja matawi. Mimi nilikuwa na roho mkononi. Yeye alisimama, akaondoa kofia, akazungumza nao kwa Kiturkana, polepole, kama anavyozungumza mtu na wakwe zake. Kisha tukapita. Nilipopata pumzi nikamuuliza aliwaambia nini.

"Nimewaambia sisi wawili tunapita, tunaenda kazi. Karani na mimi."

"Na wanasikia?"

"Hiyo sijui. Lakini wakinikanyaga sasa, makosa ni yao."

Nilicheka njia nzima. Sasa nikikumbuka, sicheki. Alikuwa akiamini kwa dhati kwamba ukishajua makosa ni ya nani, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Kudanganya hakujua. Si kwamba alijinyima. Ni kwamba ulimi wake haukuzoea. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alimuuliza kama kweli maji yetu ni ya chemchemi kama ilivyoandikwa kwenye karatasi zetu za matangazo. Mzee akasema hapana, ni ya mto, na ng'ombe wanakunywa hapo juu kidogo, lakini yeye huyachemsha vizuri. Meneja alikasirika, na mimi nikatumwa kumfundisha mzee la kusema. Nilimfundisha. Alinisikiliza kwa heshima zote. Wiki iliyofuata alimwambia mgeni mwingine: "Karani amesema niseme ni ya chemchemi."

Nisimpake rangi ya malaika, maana alikuwa na yake. Alikuwa bahili wa kuni kana kwamba kila gogo amelizaa, na dobi akitaka kipande cha kuwashia pasi ya makaa, ilibidi aombe kama anaomba posa. Lakini sukari yake aligawa kwa yeyote. Alizungumza habari za haki tangu asubuhi, halafu meneja akipita, kijana wa rika la mwanawe wa mwisho, alisimama wima, kofia mkononi, akimwita "mkubwa". Mpishi alimkera kwa hilo. "Wewe unataka kupigana na mtu huku umemshikia mlango," alimwambia. Mzee alisema kumheshimu mwenye boma si kumwogopa. Mpishi akasema kwa meneja hiyo tofauti haionekani. Nilidhani mpishi ndiye aliyeshindwa katika mabishano yale.

Habari za chama zilianza na dobi. Sisi wote, na hata mimi, tulikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu. Ulipoisha tulikuja mezani pangu tukatia sahihi mwingine wa miezi mitatu, na mzee alikuwa ameshatia sahihi hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Dobi alipopata mimba na tumbo likaanza kuonekana, mkataba wake haukuandikwa tena. Hakufukuzwa. Aliambiwa tu kwamba umeisha, na kweli ulikuwa umeisha. Alipojifungua walimrudisha, kwa sababu hakuna aliyejua kunyoosha mashuka kama yeye, naye alirudi kwa sababu hakuwa na pengine.

Mzee alipokwenda mapumziko nyumbani kwake, mtaani Chechelesi, alihudhuria semina ya haki za wafanyakazi kanisani kwao, akarudi na kijitabu cha Kiswahili kimekunjwa ndani ya shati. Herufi kubwa alizisoma, ndogo zilimshinda. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana nilikwenda kukaa kwenye gogo karibu na tanuri la mwisho, nikamsomea. Alitaka nirudie. Aliyashika maneno haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsomea kitu, na baada ya wiki mbili alikuwa akinisahihisha.

Nilimsomea kwamba katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Nilimsomea kwamba wakijiunga zaidi ya nusu, mwajiri anapaswa kukitambua chama na kukaa nacho mezani. Nilimsomea pia kwamba mwajiri haruhusiwi kumfuta mtu kazi kwa sababu ya kujiunga. Hapo akaniinulia mkono.

"Haruhusiwi. Hiyo ni kusema hawezi?"

"Ni kusema hatakiwi."

"Na akifanya?"

"Unaenda kortini."

Akasukuma gogo ndani ya moto kwa mguu. "Kwa hivyo anaweza."

"Anaweza, mzee, lakini atakuwa amekosea."

"Makosa yake?"

"Yake."

"Sawa basi," akasema, na uso wake ukatulia.

Hapo ndipo nilipopaswa kumkamata mkono. Nilikuwa nimesoma kuliko yeye, nilikuwa nakaa ofisini, nilijua barua zinaandikwaje. Lakini nilipenda kusikilizwa vile, nikafunga kijitabu nikarudi kwenye meza yangu nikiwa na furaha.

Afisa wa chama mjini alimpa fomu na kumwonya waziwazi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia, neno kwa neno, kwa kuwa hakuona sababu ya kuficha. "Kusanya kimya kimya. Ukipita nusu, niletee mimi. Barua ya kwa meneja nitaandika mimi. Wewe usiende." Tulikuwa wafanyakazi thelathini na wanne. Kila aliyetaka alipita kwenye matanuri kama anayetafuta moto wa sigara, akajaza fomu yake kwenye gogo. Wasiojua kuandika walipaka kidole gumba masizi ya tanuri badala ya wino. Baada ya majuma matatu alikuwa na fomu kumi na tisa.

Mimi sikujaza. Aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia karani anahesabiwa upande wa ofisi, na pengine sheria ile hainihusu. Sikuwa na hakika, sikuwahi kuangalia. Akasema sawa, akanipa chai.

Alikuja ofisini Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Mimi nilikuwa mezani pangu, hatua tatu kutoka meza ya meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya wa kutisha, nisije nikadanganya. Alikuwa akituuliza habari za watoto. Mzee aliingia, akavua kofia, akaweka bahasha ya kaki mezani kwa mikono miwili.

"Salama, mkubwa?"

"Salama, mzee. Maji imekataa?"

"Maji iko. Nimekuja kukuambia kitu kabla usikie kwa watu. Tumeingia chama. Tumepita nusu. Hii ni majina yetu. Si vita."

Meneja alifungua bahasha, akasoma fomu moja baada ya nyingine, bila haraka. Nilisikia harufu ya moshi ikitoka kwenye karatasi.

"Umeshazipeleka mjini?"

"Bado. Kesho ndiyo napeleka. Nimeona si vizuri tujenge boma ndani ya boma yako na wewe hujui."

Meneja alitabasamu. Lile tabasamu nimelirudia kichwani mara nyingi, nikitafuta ubaya ndani yake, na sijauona. "Asante kwa kuniheshimu, mzee," akasema. Kisha akanigeukia. "Karani, nitolee kopi."

Fomu kumi na tisa. Mashine yetu ni ya polepole na wino wake huisha kila mara. Ningeweza kusema umeisha, na hakuna mtu angeshangaa. Nilisimama pale nikitazama majina yakitoka, la mpishi, la dobi, vidole gumba vyeusi, na karatasi zilikuwa na joto mkononi. Nilimpa meneja zake, nikamrudishia mzee zake. Mzee akanishukuru.

Kwa nini alifanya vile? Wengine walisema ni ujinga, na wengine, wenye midomo, walisema alikuwa amenunuliwa. Si kweli hata moja. Kwa watu waliomlea, mtu anayekuzunguka nyuma ndiye adui. Anayekuja mbele yako akakuambia anachotaka kufanya, huyo unaweza kugombana naye, lakini huwezi kumdhuru na ukabaki na uso. Yeye aliona kwamba akishamwambia meneja, basi meneja amefungwa, kwa heshima upande mmoja na kwa kijitabu upande wa pili. Alikuwa ameweka kamba mbili. Hakujua kwamba mwenzake hazioni.

Fomu zilipelekwa mjini kesho yake kama alivyoahidi. Mwisho wa mwezi mikataba ilianza kuisha. Barua zote nilizichapa mimi, na zote zilisema jambo moja: msimu umekuwa mbaya, wageni wamepungua, kambi inashukuru kwa huduma yako. Alianza mpishi, kisha dobi, kisha wahudumu wa mahema, wawili leo, watatu wiki ijayo. Walichanganya na wawili ambao hawakujaza fomu, ili ionekane kweli ni msimu. Mzee walimwacha wa mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyaweza yale matanuri, mpaka wakaleta mitambo ya jua ikafungwa juu ya kila bafu. Alinipa mkono akitoka. Aliniambia mtambo wa hema la saba umekaa vibaya, nimwambie fundi.

Hakurudi nyumbani kukaa. Alizunguka kwa miguu, Chechelesi yote, Kiwanjani, na kwingine alikokuwa na mtu, akawapigia hodi wote kumi na wanane kuwaambia kwamba ni yeye aliyepeleka majina. Kana kwamba hawakujua! Mpishi, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimsikiliza bila kusema kitu, na mwezi uliofuata akaenda Rapsu kulima vitunguu kwenye shamba la watu. Dobi hakumfungulia. Kutoka ndani alisema, "Mzee, ulitupeleka wewe mwenyewe. Wewe na mkono wako." Mzee akasimama nje ya mlango wa mabati, akasema yote aliyokuja kuyasema, akamsalimia mtoto, akaondoka. Dobi ndiye aliyenisimulia. Alilia aliposimulia, na mimi nikalia naye, ingawa mimi sikuwa na haki ya kulia.

Chama kilifungua kesi. Ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena. Mzee hakukosa hata siku moja. Alikwenda amevaa koti na kofia yake, akakaa nyuma, akarudi. Wenzake waliacha kwenda mmoja mmoja, maana nauli ni nauli na mtu lazima ale. Kisha kambi ikaleta kiapo cha meneja. Nilikijua kwa sababu nilikitolea kopi. Kilisema hakuwahi kuona orodha yoyote, wala hakujua nani amejiunga na nani hajajiunga, hivyo angewezaje kumfuta mtu kwa jambo asilolijua? Nilisoma sentensi hiyo nimesimama kwenye mashine ile ile. Nilijichukia, na nikapanga karatasi vizuri, nikazibana.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Jumamosi moja, nyumbani kwangu Kiwanjani, ninapopanga vyumba viwili. Nilikuwa nachambua maharagwe nje. Nilisikia hodi kutoka mbali kabla sijamwona, akiwa bado huko kwenye kona ya ploti. Alikuwa amekonda. Nilimtolea kiti kivulini, nikamletea chai, na yeye akaiongeza sukari vijiko vitatu kama kawaida yake. Aliuliza habari za watoto, wa kwanza mpaka wa mwisho, nani yuko darasa gani. Aliuliza habari za mama yangu huko Meru na kama mvua imenyesha. Nikajibu yote. Nilijua alichokuja nacho, na mikono yangu ilikuwa ikitupa maharagwe mazuri pamoja na mabovu.

"Wakili wa chama ameniuliza," akasema mwishowe, "siku ile ofisini nani mwingine alikuwa."

Niliinamia maharagwe yangu.

"Anasema bila mtu aliyeona, wale watasema tu ni msimu, na tutashindwa. Sisi wote. Akasema kama kulikuwa na mtu, korti itamwandikia karatasi, na ukiandikiwa karatasi lazima uende. Nikamwambia ngoja. Kwanza niende nimwambie mwenyewe."

"Ulimwambia ni mimi?"

"Sijataja jina. Nimesema ngoja." Akaweka kikombe chini. "Anasema hata shahidi sheria inamlinda. Ukisema ukweli, hawawezi..." Akaanza upya. "Hawaruhusiwi kukufanya kitu."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha nne. Nilikuwa na maneno mengi ya kueleza, na nilijua kwamba yeye anayajua yote na hatabishana na hata moja. Nikafikiria watu kumi na tisa, nikafikiria dobi na mlango wake wa mabati. Nilitaka sana kuwa mtu mwingine.

"Mzee," nikasema, "usinitaje."

Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Nilimngoja akasirike, nilimwomba Mungu akasirike, anitukane, aniambie ni mimi niliyetoa zile kopi, tuwe sawa. Alitikisa kichwa kukubali, mara mbili. Kisha akatoa simu yake mfukoni, ile ndogo ya vibonye, akaninyooshea.

"Macho yangu na namba hazielewani. Nitafutie wakili."

Nikamtafutia. Nikabonyeza, nikamrudishia ikiwa inaita. Alisimama, akavua kofia kama vile wakili yuko mbele yake, akazungumza kwa sauti ya juu kama kawaida yake kwenye simu, jirani anayeanika nguo akageuka kutuangalia.

"Wakili? Ni mimi. Ile kitu uliniuliza. Hapana, hakukuwa na mtu."

Wakili alizungumza kwa muda mrefu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akitazama chini.

"Ndiyo, nina hakika," akasema. "Andika hivyo. Nilikuwa mimi na meneja tu."